Ubao Unasema "Tangu 1350": Jinsi ya Kuupata Umri wa Kweli wa Baa ya Kijijini Uingereza

Swali: Naishi kijijini Somerset, kusini-magharibi mwa Uingereza. Baa yetu pekee inauzwa, na wanakijiji tumeunda kamati ili tuinunue kwa pamoja. Mimi nimekabidhiwa kazi ya kuandika historia yake. Inaitwa Royal Oak. Ubao wa mlangoni unasema "tangu 1350". Wazee wanasimulia kwamba kuna njia ya chini kwa chini hadi kanisani, na kwamba boriti zake zilitoka kwenye meli za kivita. Nianzie wapi, na nitajuaje lipi la kweli?

Jibu: Anza na jina, maana jina peke yake tayari linaukana ubao. Royal Oak ni mwaloni wa mfalme. Aliposhindwa vitani Worcester mnamo Septemba 1651, Charles wa Pili alijificha kutwa nzima juu ya mwaloni huko Boscobel, Shropshire, huku askari wa Bunge wakimsaka. Aliporejeshwa kwenye ufalme mwaka 1660, mwaloni ule ukawa alama ya utiifu kwake, na baa nyingi nchini zikabandikwa jina hilo. Kwa hiyo hapakuwa na Royal Oak kijijini kwenu mwaka 1350. Kama tarehe hiyo ina ukweli wowote, ukweli huo unahusu kitu kingine.

Na hapo ndipo penye ufunguo wa kazi yako. Baa ina umri wa aina tatu: umri wa jengo, umri wa biashara ya kuuza pombe ndani ya jengo hilo, na umri wa jina. Mara chache sana umri huo hulingana. Nyumba ya mkulima ya mwaka 1620 inaweza kuanza kuuza bia mwaka 1834 na kupewa jina ililo nalo mwaka 1902. Jina nalo huhama: mwenye baa akihamia nyumba ya pili yake, leseni na kibao huondoka naye, na nyumba ya zamani hurudi kuwa makazi. Mbao za "tangu mwaka fulani" huchukua umri mkubwa kuliko wote, au hadithi kubwa kuliko zote, na kuzivisha nyumba nzima.

Mifano maarufu itakusaidia kuiona hali hiyo. Ye Olde Fighting Cocks ya St Albans hujitangaza kuwa ya mwaka 793. Jengo lenyewe, lenye pembe nane, lilikuwa banda la njiwa, na leseni ya kwanza inayothibitika ni ya mwaka 1756, tena kwa jina jingine kabisa. Kitabu cha rekodi za Guinness kiliwahi kuitaja kuwa kongwe kuliko zote Uingereza, kisha mwaka 2000 kikaifuta kategoria hiyo. Ye Olde Trip to Jerusalem ya Nottingham ina tarehe "1189" iliyopakwa rangi ukutani, lakini jengo ni la karne ya 17 na jina hilo linaonekana mwaka 1799. Karibu nawe zaidi, katika kijiji cha Norton St Philip, iko The George, na hii ni kongwe kwelikweli: jengo la mawe na mbao la mwishoni mwa zama za kati, mali ya watawa wa Hinton waliokuwa na soko kubwa la sufu na vitambaa kijijini hapo. Duke wa Monmouth, aliyemwasi Mfalme James wa Pili, alipiga kambi kijijini humo Juni 1685, siku chache kabla ya kushindwa Sedgemoor. Hata hivyo, usemi kwamba ina leseni tangu 1397 hauwezi kuchukuliwa kwa maana ya leseni tunayoijua sisi, kwa sababu sheria ya kuvipa vilabu vya pombe leseni ilitungwa mwaka 1552. Nyumba ni ya kale. Neno "leseni" ndilo lililotangulizwa miaka mia na hamsini.

Sasa, kijijini mwaka 1350 pombe ilikuwa ikiuzwaje? Pombe ya siku hizo ilikuwa kimea cha shayiri, maji na hamira, bila hopi, yale maua machungu yanayoihifadhi bia. Ilichacha ndani ya siku chache, kwa hiyo haikupikwa nyingi wala haikusafirishwa mbali. Wapikaji wengi walikuwa wanawake. Mama mmoja akipika, alitundika kijiti chenye majani mlangoni, majirani wakaja, pombe ikaisha, na juma lililofuata zamu ilikuwa ya nyumba nyingine. Aliyekulia penye pombe ya mtama au ya ndizi inayopikwa kwa zamu hahitaji kuelezwa zaidi. Tangu takriban mwaka 1266, enzi za Henry wa Tatu, palikuwa na sheria ya bei na ubora wa mkate na pombe. Waonjaji wa kijiji waliikagua pombe, na wapikaji walitozwa faini ndogo katika mahakama ya kabaila aliyemiliki ardhi. Faini hizo zilitozwa kwa ukawaida kiasi kwamba zilikuwa kama kodi. Daftari za mahakama hizo ndizo zenye majina ya wapikaji wa karne ya 14, lakini hazitaji nyumba gani. Ukikuta jina la mama fulani aliyetozwa peni mbili mwaka 1350, umethibitisha kwamba kijiji kilikuwa na mpika pombe, jambo ambalo ni kweli kwa karibu kila kijiji cha Uingereza. Hujathibitisha lolote kuhusu jengo lenu.

Hopi ndiyo iliyobadilisha mambo. Ilifika kutoka upande wa Uholanzi na Ubelgiji ya leo, ikazoeleka katika karne ya 15 na ya 16. Bia yenye hopi hukaa wiki nyingi bila kuharibika, hivyo inalipa kupika pipa kubwa na kuwa na muuzaji wa kudumu. Ndiyo maana kilabu chenye mahali pake maalumu, mwaka hadi mwaka, ni jambo la baadaye kuliko mbao nyingi zinavyodai.

Kwa kazi yenyewe, kanuni ni moja: anzia leo, rudi nyuma hatua kwa hatua, usiruke hata pengo moja. Wengi huanza na hadithi ya zama za kati, kisha hutafuta nyaraka za kuiunga mkono. Hapo ndipo historia za baa zinapoharibika, kwa sababu ukirukia mwaka 1600 kutoka 1900 hutajua kama unafuata nyumba ileile au nyumba ya jirani.

Hatua ya kwanza ni umiliki wa sasa. Omba nakala ya hati ya ardhi kutoka Land Registry, ofisi ya usajili wa ardhi. Itakupa mmiliki na mipaka, lakini historia ndani yake ni haba. Tangu Desemba 1990 kila mauzo ya ardhi Uingereza lazima yasajiliwe, na baada ya usajili watu wengi walizitupa hati za zamani wakidhani hazina kazi tena. Usikate tamaa hapo. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 viwanda vya bia vilinunua baa za vijijini kwa wingi ili mpangaji alazimike kuuza bia yao tu, na mafungu ya hati za kale yalihamia kwenye makabati ya viwanda. Viwanda vilipomezana katika karne ya 20, na hasa baada ya amri ya serikali ya mwaka 1989 iliyovilazimisha viwanda vyenye baa zaidi ya 2,000 kuziachia sehemu ya baa hizo, mafungu yaligawanyika: mengine yakaenda kwa kampuni mpya za baa, mengine kwenye hifadhi za nyaraka za kaunti. Uliza ni kiwanda gani kilimiliki Royal Oak kabla ya 1989, kisha tafuta nyaraka za kiwanda hicho kwa jina lake. Ukizipata hati zenyewe, utakuwa umeokoa miezi ya kazi, kwani hati moja ya mwaka 1880 hurudia kwa ufupi mauzo yote yaliyotangulia, pengine hadi karne ya 18.

Hatua ya pili ni mwaka 1910. Serikali ya wakati huo ilithaminisha kila kipande cha ardhi nchini kwa ajili ya kodi mpya, na daftari za wathamini ziko Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka, Kew, London, kwenye kundi la IR 58. Usiende bila namba ya kiwanja. Namba hiyo iko kwenye ramani za uthamini ule ule, na ramani huagizwa kwanza. Kwa baa, daftari hizi ni hazina: mara nyingi mthamini aliandika idadi ya vyumba, hali ya paa, stoo, mazizi, na pengine hata mapipa yaliyouzwa kwa mwaka.

Kutoka hapo rudi kwenye daftari za leseni. Sheria ya mwaka 1872 ilitaka mahakama za wilaya ziweke daftari la kila nyumba yenye leseni. Utakuta jina la baa, mwenye leseni, mmiliki, aina ya leseni, na adhabu zilizowahi kutolewa. Soma safu ya aina ya leseni kwa makini kuliko safu nyingine zote. Ukikuta imeandikwa "beerhouse", yaani nyumba ya bia, na hasa maneno "ante 1869" (kabla ya 1869), umepata jibu kubwa: baa yenu ni mtoto wa sheria ya 1830.

Sheria hiyo inastahili kueleweka vizuri, maana ndiyo asili ya baa nyingi mno za vijijini ambazo leo hujiita za kale. Mwaka 1830 Bunge liliruhusu mlipakodi yeyote kuuza bia nyumbani kwake kwa kulipa gini mbili tu, yaani pauni 2 na shilingi 2 kwa mwaka, bila kupita kwa walinzi wa amani, yaani mahakimu wa eneo. Shabaha ilikuwa kuipunguza nguvu ya jini, ile pombe kali (gin), na kuwavunjia viwanda vikubwa ukiritimba wao. Ndani ya miezi michache maelfu ya nyumba yalifunguliwa: fundi chuma, mwoka mikate, seremala, mjane mwenye chumba cha mbele kilicho wazi. Hazikuruhusiwa kuuza pombe kali. Mwaka 1869 mamlaka yalirudishwa kwa walinzi wa amani, lakini nyumba zilizokuwepo tayari zililindwa zisinyimwe leseni kirahisi. Ndiyo maana makarani waliandika "ante 1869". Dalili za nyumba ya aina hiyo ni hizi: ni ndogo, haina mazizi ya farasi wa wasafiri, na mwenyewe anaonekana kwenye sensa akiwa na kazi nyingine pamoja na kuuza bia. Isikusikitishe ukigundua hivyo. Baa iliyoanzishwa na fundi chuma mwaka 1831 na kuhudumia wafanyakazi wa mashamba kwa karibu miaka mia mbili ina historia yenye uzito, na ya kweli.

Kati ya 1828 na 1872 kuna pengo baya. Hati za dhamana za wauza pombe zilizokuwa zikitunzwa kabla ya hapo zilikoma kwa sheria ya 1828, na daftari mpya zilikuwa bado. Pengo hili huzibwa kwa kuunganisha vyanzo vinne. Cha kwanza ni ramani za zaka zilizochorwa baada ya sheria ya 1836, nyingi kati ya 1837 na mwanzoni mwa miaka ya 1850. Kila kiwanja kina namba, na orodha inayoandamana nayo inataja mmiliki, mpangaji na matumizi. Cha pili ni sensa, tangu 1841 hadi 1921. Cha tatu ni vitabu vya orodha za wafanyabiashara kama vya Pigot na Kelly. Cha nne ni magazeti ya wilaya, ambayo mengi yanasomeka mtandaoni kwa malipo. Katika magazeti usitafute neno "baa" tu; tafuta jina la kijiji pamoja na Royal Oak, maana mikutano ya hadhara, minada ya mifugo na mashamba, hata uchunguzi wa vifo vya ghafla vilifanyikia baa. Tangazo la mnada wa mwaka 1815 "katika nyumba ya fulani, Royal Oak" linakupa jina la baa, jina la mtu na tarehe kwa pamoja.

Kila kimojawapo kina mtego wake. Kwenye sensa, namba iliyo pembeni ni ya fomu, haihusiani na namba ya nyumba. Jina la baa mara nyingi halikuandikwa. Utaona tu mtu wa kazi ya "victualler" (muuza vyakula na pombe), "innkeeper" (mwenye nyumba ya wageni) au "beer seller" (muuza bia). Mpate kwa kufuata njia aliyopita mwandikishaji: nyumba ya kasisi, shule, halafu nani? Ukihitaji miaka ya karibu, kumbuka sensa ya 1931 iliteketea kwa moto na ya 1941 haikufanyika. Rejista ya Septemba 1939 ndiyo inayoziba. Vitabu vya orodha za wafanyabiashara vilichapishwa miezi mingi baada ya taarifa kukusanywa, hivyo mtu anaweza kuonekana ana baa ilhali ameshazikwa. Tena viliwaandika wenye nyumba za bia kama "beer retailer" bila jina la nyumba, kwa hiyo kukosekana kwa Royal Oak kwenye kitabu cha 1842 hakuthibitishi kwamba haikuwepo. Kwenye ramani za Ordnance Survey, idara ya taifa ya ramani, zinazoonekana bure katika tovuti ya Maktaba ya Taifa ya Scotland, herufi P.H. ni baa yenye leseni kamili na B.H. ni nyumba ya bia.

Kabla ya 1828 unarudi kwenye hati za dhamana. Sheria ya 1753 iliwataka makarani wa kaunti watunze daftari la kila muuza pombe aliyeweka ahadi mbele ya walinzi wa amani kwamba ataendesha nyumba yenye utulivu, pamoja na mdhamini. Ziko kwenye hifadhi ya nyaraka za Somerset karibu na Taunton. Miaka mingi hutaja mtu na kijiji tu, bila jina la baa. Kama kijiji kilikuwa na wauzaji wawili, huwezi kujua yupi alikuwa Royal Oak mpaka upate mwaka mmoja ambao karani aliandika majina ya nyumba. Ukiupata, fuata mfululizo wa watu kwenda mbele na nyuma kutoka mwaka huo. Mtafiti anayeanzia juu bila kutafuta mwaka huo wa nanga hujikuta ameandika historia ya baa ya jirani.

Nyuma ya 1753 mambo hupungua haraka. Orodha za mali za marehemu, za karne ya 16 hadi ya 18, ni tamu sana zikipatikana: wathamini walipita chumba kwa chumba wakihesabu vitanda, mapipa, vikombe vya bati na galoni za bia, na kutoka hapo unaweza kuuchora mpangilio wa nyumba. Mwaka 1686 idara ya vita iliorodhesha, mahali kwa mahali, idadi ya vitanda vya wageni na nafasi za farasi; ni daftari la WO 30/48 huko Kew. Linakupa hali ya kijiji, halitaji nyumba. Hati za mahakama ya kabaila ziliandikwa kwa Kilatini hadi 1733, hivyo utahitaji msaidizi. Na tahadhari moja inayowakwaza hata wazoefu: kabla ya 1752 mwaka wa Uingereza ulianza tarehe 25 Machi. Hati ya "10 Februari 1702" kwa hesabu yetu ni ya Februari 1703. Iandike 1702/3 usije ukamfufua mtu aliyekwisha kufa.

Tuje kwenye jengo. Jitafutie kwanza maelezo yake kwenye orodha ya taifa ya majengo ya urithi ya Historic England, kama limo, lakini usiyachukue kama hukumu. Maelezo mengi yaliandikwa na mkaguzi aliyetazama kutoka barabarani. Ukuta wa mbele wa matofali wa mwaka 1780 unaweza kuficha nyumba ya fito na udongo yenye miaka mia mbili zaidi, na "nyumba ya Tudor" (yaani ya mtindo wa karne ya 16) yenye mbao nyeusi usoni inaweza kuwa kazi ya kiwanda cha bia ya mwaka 1930.

Panda darini na tochi yenye nguvu. Dari ndiyo sehemu ambayo hakuna mwenye baa aliyeipamba kwa ajili ya wateja. Tazama kenchi. Zikiwa zimefunikwa masizi meusi yaliyoganda, kwa usawa, kuanzia ncha hadi ncha, basi nyumba ilianza kama ukumbi ulio wazi hadi kwenye paa, moto ukiwaka katikati ya sakafu bila dohani. Nyumba za namna hiyo kwa kawaida ni za kabla ya katikati ya karne ya 16. Dohani na dari ya ghorofa viliongezwa baadaye. Masizi yaliyo upande mmoja tu, karibu na dohani, ni ya dohani iliyopasuka, hayana habari kubwa. Tafuta pia alama za seremala, mistari kama namba za Kirumi iliyochongwa kwenye maungio. Namba zikifuatana bila kuruka, fremu iko mahali pake pa asili. Zikiwa zimechanganyika, mbao zimetoka kwingine.

Matundu matupu ya ndimi kwenye boriti, yale yasiyo na ubao unaoingia, ndiyo mzazi wa hadithi ya meli za kivita. Mtu huona matundu yasiyo na kazi na kujiuliza mbao hizi zilikuwa wapi. Jibu la kawaida ni kwamba zilikuwa kwenye nyumba nyingine, ghala, au ukuta wa ndani wa nyumba hiyo hiyo uliobomolewa. Mbao za meli zimepinda kufuata umbo la ubavu wa meli na zimejaa mashimo ya misumari minene ya chuma na vigingi. Hazifai kwa boriti iliyonyooka. Kuziburuta kutoka bandarini hadi kijijini kungegharimu kuliko kuukata mwaloni uliosimama uani. Boriti moja au mbili kutoka melini zinawezekana karibu na pwani. Nyumba nzima, hapana.

Kama kamati ina fedha, njia yenye uhakika kuliko zote ni kupima umri wa mbao kwa kuhesabu duara za ukuaji. Mtaalamu hutoboa na kutoa kijiti chembamba kutoka kwenye mbao kadhaa, si moja. Mwaloni unafaa sana. Kila kijiti kinahitaji duara 50 au zaidi, na hapa ndipo vipimo vingi hukwama: mwaloni uliokua haraka kwenye ua wa shamba unaweza kuwa mnene na bado ukawa na duara 35 tu. La pili ni mbao nyeupe, tabaka laini lililo chini ya gome. Gome likiwepo, unapata mwaka wa kukatwa mti, hata msimu. Likiwa limechongwa lakini mpaka wa mbao nyeupe bado unaonekana, mtaalamu hukadiria kwa kujua kwamba mwaloni wa kusini mwa Uingereza kwa kawaida huwa na duara nyeupe kati ya 9 na 41. Mpaka huo ukiwa umechongwa wote, unapata tarehe ya "si kabla ya" tu. Zamani mwaloni ulichongwa ungali mbichi, kwa hiyo ujenzi ulifanyika ndani ya mwaka mmoja au miwili tangu mti ukatwe. Kabla ya kuruhusu kutoboa, zungumza na ofisa uhifadhi wa halmashauri kama jengo limo kwenye orodha. Na wakati mnasubiri, msiruhusu mtu kupiga msasa boriti ili zipendeze: msasa huondoa mbao nyeupe, masizi na alama za seremala, ambazo ndizo ushahidi wenu.

Njia ya chini kwa chini hadi kanisani inasimuliwa katika vijiji vingi kiasi kwamba yenyewe ni desturi. Shuka kwenye chumba cha chini na uangalie kilichoanzisha hadithi. Mara nyingi ni tao lililozibwa kwa matofali, na tao hilo ni la kupunguza uzito wa ukuta, ni shubaka la kuweka mapipa mahali penye baridi, au ni mlango wa zamani wa kuteremshia mapipa kutoka barabarani. Mara nyingine ni mtaro wa maji wa mawe ambao mtoto angeweza kutambaa ndani yake. Msivunje ukuta. Kampuni za kuzibua mitaro zina kamera ndogo. Tundu moja kwenye chokaa linatosha. Andika simulizi ya wazee kama simulizi, kwa maneno yao, na pembeni uandike kamera ilichokiona.

Ndani ya baa, usidanganywe na kaunta. Baa za vijijini za karne ya 18 hazikuwa na kaunta. Watu walikaa jikoni na bia ilichotwa kwenye pipa kwa mtungi. Pampu ya mkono ya kupandisha bia kutoka chini inahusishwa na hataza ya Joseph Bramah ya mwaka 1797, na vijijini ilichelewa sana. The Sun Inn ya Leintwardine, Herefordshire, ni miongoni mwa chache zilizohifadhi hadi siku zetu desturi ya kunywea kwenye chumba cha nyumba ya kawaida. Kama Royal Oak bado ina kuta zinazogawa vyumba vidogo, ni bahati kubwa: miaka ya 1960 hadi 1980 viwanda vilibomoa kuta hizo ili mhudumu mmoja aone ukumbi wote. Tafuta alama zake kwenye sakafu na dari, na uombe michoro ya ukarabati. Mahakama za leseni zilidai michoro kabla ya kuruhusu mabadiliko, na mingi imehifadhiwa.

Karne ya 20 ipe nafasi kubwa kuliko historia za baa zinavyoipa kawaida, kwa sababu mashahidi wake wangali hai. Saa za kufungua zilibanwa mwaka 1915 ili viwanda vya silaha visikose wafanyakazi, na kufunga kwa lazima kila alasiri kuliendelea hadi 1988. Waulize wazee nani alipata kinywaji saa tisa mchana, na kwa mlango upi. Waulize wanawake lini walianza kuingia upande wa wanaume. Hayo hayamo katika hifadhi yoyote.

Kuhusu ununuzi wenyewe, sheria ya 2011 inaruhusu kikundi cha wapiga kura wa eneo wasiopungua 21 kuiomba halmashauri iiorodheshe baa kuwa mali yenye thamani kwa jamii, na hapo uuzaji unaweza kusimamishwa kwa miezi kadhaa kamati ikitafuta fedha. Sifa inayotazamwa ni manufaa ya baa kwa maisha ya watu wa sasa. Umri haumo katika masharti. Kwa hiyo msingoje historia ikamilike ndipo mpeleke ombi, pelekeni sasa. The Old Crown ya Hesket Newmarket, Cumbria, ilinunuliwa na ushirika wa wanakijiji mwaka 2003.

Kisha utafika wakati wa kuamua juu ya ubao. Uutunze ndani kama kitu cha kale cha baa, na mlangoni uandike tarehe tatu kwa mistari mitatu: jengo, leseni ya kwanza iliyothibitika, jina. Mstari usio na ushahidi uache wazi hadi upatikane. Nakala moja ya maandishi yako, pamoja na namba za hati zote ulizotumia, ipeleke kwenye hifadhi ya nyaraka za kaunti, na nyingine kwa ofisi ya kaunti inayotunza rekodi za mazingira ya kihistoria, ili atakayekuja baada yako asianze upya na 1350.